Mtoto yuko ICU: Si kila homa ni ya kutolewa damu na kuanzishiwa antibiotiki

 

Mtoto anapolazwa katika wodi ya wagonjwa mahututi, ambayo wengi wetu tunaiita kwa kifupi ICU, mzazi anachotaka ni kuona kitu kinafanyika. Damu itolewe, mkojo upimwe, dawa zibadilishwe, sindano iongezwe. Daktari akisema "tumwangalie kwanza", baba mtu huanza kuulizia hospitali nyingine na mama mtu huanza kulia. Hali hiyo inaeleweka, kwani hakuna jambo zito kama kumuona mwanao amelala pale na mipira kila upande. Hata hivyo, katika miaka ya karibuni wataalamu wanaohudumia watoto hao wamegundua kwamba vipimo vingine na antibiotiki nyingine anazopewa mtoto wa ICU havimsaidii, na baadhi yake humdhuru. Makala haya yanaeleza kwa nini, ili siku ukifikwa na mtihani huo ujue la kuuliza.

Kipimo kinachozungumzwa zaidi ni kile cha kuotesha damu. Muuguzi huchukua damu ya mtoto na kuitia katika kichupa chenye chakula cha bakteria, kisha kichupa huwekwa mahali penye joto kama la mwili. Kama ndani ya ile damu kuna bakteria, watazaliana mpaka waonekane. Watu wa maabara husema "tumeotesha", na kwa kweli ni kama kuotesha mbegu. Majibu mengi ya kuwepo kwa bakteria hupatikana ndani ya siku moja hadi mbili, lakini kichupa huweza kuachwa hadi siku tano kabla ya kusema kwamba hakuna kilichoota. Bakteria wakiota, hujaribiwa kwa dawa mbalimbali ili ijulikane ipi inawaua. Ni kipimo kizuri mno kwa mtoto mwenye dalili za maambukizi kwenye damu, na hakuna anayesema kiachwe.

Tatizo ni pale kinapofanywa kwa mazoea. Katika wodi nyingi za ICU za watoto huko Marekani ilikuwa kawaida kwamba joto likipanda tu, damu huchukuliwa ikaoteshwe. Likipanda tena kesho, huchukuliwa tena. Mtoto mwenye mirija mitatu atatolewa kutoka yote mitatu. Wengine walikuwa wakioteshewa damu kila siku hata bila homa, kwa vile tu wamewekwa kwenye mashine kubwa za kusaidia moyo na mapafu.

Lakini homa ya mtoto wa ICU ina sababu nyingi. Virusi huleta homa. Upasuaji wenyewe huleta homa katika siku za mwanzo. Kuongezewa damu, damu kuganda kwenye mshipa, jeraha la kichwa, na hata baadhi ya dawa huweza kupandisha joto. Katika yote hayo kuotesha damu hakutaonyesha kitu, na antibiotiki haitashusha kitu.

Utauliza, sasa kupima kuna ubaya gani, si ni tahadhari tu? Hapa ndipo penye jambo lenyewe, naomba tulitazame taratibu.

Kwanza, damu ya mtoto si nyingi. Mtoto wa kilo 10 ana takriban mililita 800 za damu mwilini mwake, yaani haifiki hata lita moja. Ukijumlisha vipimo vya asubuhi, vya jioni, vya dharura na vya kuotesha kwa wiki nzima, mtoto anaweza kuishiwa damu kwa ajili ya vipimo, kisha ikabidi aongezewe damu ya mtu mwingine.

Pili, wagonjwa wengi wa ICU huwekewa mrija mwembamba kwenye mshipa mkubwa wa damu, shingoni, kifuani au pajani. Mrija huo ndio njia ya dawa na maji, na mara nyingi ndiko damu ya vipimo hutolewa ili mtoto asichomwe sindano kila saa. Inaonekana ni huruma, na ni kweli. Lakini kila unapofunguliwa mdomo wa mrija ule, umefungua mlango unaoingia moja kwa moja kwenye damu. Mkono usiosafishwa vizuri, au kifuniko kisichopanguswa, hutosha kuingiza bakteria. Yaani tunatafuta bakteria ambaye hayupo, na katika kumtafuta tunamwingiza.

Tatu, na hili ndilo linalozaa antibiotiki, ni majibu ya uongo. Ngozi ya kila mmoja wetu, hata aliyetoka kuoga sasa hivi, ina bakteria wake wa kawaida wasio na madhara. Damu inapochukuliwa, bakteria hao huweza kuingia kwenye kichupa na kuota humo. Maabara itapiga simu kusema kumeonekana bakteria. Daktari afanye nini? Mtoto yu mahututi, hawezi kupuuza. Ataanzisha antibiotiki kali, pengine vankomaisini, ambayo yenyewe huweza kuumiza figo na huhitaji damu ipimwe tena ili kujua kiwango chake mwilini. Damu itaoteshwa tena kuthibitisha, na siku za kukaa ICU zitaongezeka. Yote hayo kwa sababu ya bakteria wa ngozi ambaye hakuwa hata ndani ya mwili wa mtoto.

Antibiotiki kali nazo huua bakteria wema wa tumboni, mtoto akaharisha, fangasi wakapata nafasi, na wanaobaki wakawa wale wasiosikia dawa. Mtoto aliyeingia ICU kwa nimonia ya virusi anaweza kuja kuondoka na bakteria sugu ambaye hakuja naye.

Walichofanya Baltimore

Hospitali ya Johns Hopkins iliyopo Baltimore, Marekani, iliamua kulishughulikia jambo hili katika ICU yake ya watoto. Hawakukataza kipimo. Walichofanya ni kuweka utaratibu wa kusimama kidogo kabla ya kukifanya. Joto likipanda, muuguzi na daktari wamwendee mtoto kitandani wamtazame, na wajiulize maswali machache yaliyoandikwa. Je, ana dalili za maambukizi kwenye damu? Kuna sababu nyingine ya homa? Ameshaoteshewa damu jana? Na kama ni lazima kuotesha, je, ni lazima itolewe kwenye mrija? Taarifa yao iliyochapishwa mwaka 2017 ilionyesha kwamba vipimo vya kuotesha damu vilipungua kwa asilimia 46, na hakukuonekana madhara kwa watoto.

Baadaye hospitali 14 za Marekani zilijiunga katika mpango ulioitwa Bright STAR, na kila moja ikatengeneza utaratibu unaoendana na mazingira yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Kabla ya mpango, kwa kila siku 1,000 za wagonjwa (chukua mfano wa watoto 10 waliolazwa kwa siku 100) damu ilikuwa ikioteshwa karibu mara 149. Baada ya mpango ikawa karibu mara 100, sawa na upungufu wa asilimia 33. Matumizi ya antibiotiki zinazoua bakteria wa aina nyingi kwa mpigo yakapungua kwa asilimia 13. Maambukizi ya damu yatokanayo na mirija yalipungua kwa asilimia 36. Hilo la mwisho sehemu yake huenda ni majibu ya uongo yaliyopungua, lakini hata hivyo si dogo.

Swali ambalo kila mzazi angeuliza ni hili: je, watoto walikufa zaidi? Hapana. Vifo havikuongezeka, siku za kulazwa hazikuongezeka, waliorudishwa ICU baada ya kutoka hawakuongezeka, na waliopatwa na hali mbaya ya maambukizi kwenye damu hawakuongezeka. Maana yake ni kwamba theluthi moja ya vipimo vile havikuwa vikimsaidia mtu.

Naomba nisieleweke vibaya. Mtoto ambaye maambukizi yameingia kwenye damu na mzunguko wa damu umeanza kushindwa (mikono na miguu ya baridi, mapigo ya haraka na dhaifu, amelegea, hapati mkojo) huyo hasubiri. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2020 unataka apewe antibiotiki ndani ya saa moja, na damu ichukuliwe kwa ajili ya kuotesha kabla ya dawa ikiwa hilo halitachelewesha. Pale ambapo mtoto hajafikia hali hiyo, mwongozo huo huo unatoa hadi saa tatu za kuchunguza kwanza. Na hata dawa ikianza, kazi haijaisha. Baada ya siku mbili hivi majibu yakionyesha hakuna kilichoota na mtoto anaendelea vizuri, daktari anapaswa kujiuliza kama dawa iendelee au isimamishwe. Dawa nyingi huendelea siku saba au kumi kwa sababu tu hakuna aliyeuliza swali hilo.

Hali ya makohozi ya mtoto aliye kwenye mashine ya kupumulia inafanana na hayo. Mpira ulioko kooni hauchukui muda kuvamiwa na bakteria wanaokaa tu pale. Ukiyaotesha makohozi yake karibu kila mara utapata kitu, na kupata kitu si sawa na kuwa na nimonia.

Wapo wanaodhani dawa ya tatizo ni kuongeza kipimo kingine cha kisasa. Huko Uingereza walijaribu kupima protini moja ya damu iitwayo prokalsitonini kwa watoto waliolazwa na maambukizi, wakitaraji kwamba itawasaidia madaktari kusimamisha antibiotiki mapema. Matokeo yaliyotoka mwaka 2025 hayakuonyesha kwamba siku za dawa zilipungua. Kwa maoni yangu hilo halishangazi. Kipimo kisichoulizwa swali hakitoi jibu, hata kikiwa cha bei gani.

Je, sisi huku linatuhusu?

Utasema hayo ni ya Marekani wenye maabara kila ghorofa, sisi huku hata kipimo chenyewe hakipo. Ni kweli, na hapo tuna mzigo wa aina yake. Uchunguzi uliofanywa katika nchi 14 za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda, na kutolewa mwaka 2022, ulikuta kwamba kati ya maabara zipatazo 50,000 ni asilimia 1.3 tu ndizo zinazopima bakteria. Kwa hiyo wakati wenzetu wanaotesha damu kupita kiasi kisha wanatoa antibiotiki, sisi tunatoa antibiotiki bila kuotesha kabisa. Mwisho wa safari ni mmoja.

Na mwisho huo ulishaonekana zamani. Watafiti waliwafuatilia watoto waliolazwa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2001 na 2002, na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Watoto waliokuwa na bakteria wa kundi la gramu hasi kwenye damu, takriban 43 kati ya kila 100 walifariki, zaidi ya mara mbili ya waliofariki kwa malaria. Waliopewa dawa ambayo bakteria wao walikuwa sugu kwayo walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Tafakari jambo hilo. Dawa ilikuwepo, mtoto alipewa, na bado haikufanya kazi.

Usugu hauanzii ICU. Unaanzia kwetu, kwenye duka la dawa la mtaani. Mtoto ana mafua na kikohozi, unakwenda dirishani unasema "nipe amoksilini ya maji", au unaomba vidonge vya rangi mbili unavimwaga unga wake kwenye kijiko. Siku mbili akipata nafuu chupa inarudi kabatini, mwezi ujao anapewa mdogo wake.

Sasa sikiliza hili. Mwaka 2008 watoto 1,005 wa chini ya miaka 10 waliofika kliniki wakiwa na homa, Dar es Salaam na Ifakara, walichunguzwa kwa kina, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Takriban 70 kati ya kila 100 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Wenye ugonjwa wa bakteria walikuwa 22 tu kati ya 100 (na baadhi ya watoto walikuwa na zaidi ya ugonjwa mmoja). Kwa hiyo watoto wengi wenye homa wanaopita mbele ya dirisha lile la duka wana ugonjwa ambao antibiotiki haiugusi.

Habari njema ni kwamba inawezekana kubadilika, na si kwa wazungu tu. Katika vituo vya afya vya mikoa ya Mbeya na Morogoro wahudumu walipewa mafunzo, kifaa cha kupima oksijeni kwenye kidole, vipimo vichache rahisi, na programu ya kwenye kompyuta ndogo ya mkononi inayowaongoza hatua kwa hatua wanapomchunguza mtoto. Matokeo yalitolewa mwaka 2023. Katika vituo vya kawaida, watoto 70 kati ya 100 waliandikiwa antibiotiki. Katika vituo vilivyopewa mwongozo, walikuwa 23 kati ya 100. Ilipofika siku ya saba, watoto ambao hali zao hazikuwa nzuri walikuwa sawa pande zote mbili, chini ya wanne kati ya 100.

Ukiwa na mgonjwa ICU

Uliza, kwa adabu na bila kugombana. Daktari akitaka damu, muulize: kipimo hiki kitabadilisha nini katika matibabu ya mwanangu? Akianzisha antibiotiki, muulize anashuku ugonjwa gani na lini ataangalia upya kama dawa iendelee. Muulize pia kila siku kama ule mrija wa mshipa mkubwa bado unahitajika, maana mrija uliotolewa hauambukizi. Daktari mzuri hachukii maswali hayo. Na akikwambia homa hii tunaiangalia kwanza, usimlazimishe aandike sindano ili wewe upate utulivu. Muulize anaangalia nini, na ni dalili gani ikitokea atabadilisha uamuzi.

Kuzuru mgonjwa ni desturi yetu njema, lakini ICU si ya kuingia watu saba kwa pamoja. Mwenye mafua abaki nje amwombee dua huko. Kabla ya kumgusa mtoto osha mikono kwa sabuni, hata kama umetoka kutia udhu muda huo huo, kwani baada ya udhu umeshika simu, kitasa cha mlango na noti. Wengine wanasita kutumia ile dawa ya kusugua mikononi kwa sababu ina alkoholi. Jambo hilo lilishajadiliwa: Baraza la Fiq'hi la Rabita, katika kikao chake cha 16 kilichofanyika Makka Januari 2002, liliruhusu alkoholi itumike nje ya mwili kwa kusafisha majeraha na kuua vijidudu. Itumie bila wasiwasi.

Maji ya zamzam, kombe, asali na mafuta ya habat soda usimpe mtoto wa ICU kimyakimya, wala usiyapake karibu na mrija au kidonda. Mtoto aliyewekewa mpira kooni hawezi kumeza vizuri, na kilichokusudiwa tumboni kinaweza kuingia mapafuni. Muulize muuguzi kwanza. Kisomo kinaweza kufanyika pembeni ya kitanda bila kumtia mtoto kitu mdomoni.

Nyumbani nako, mtoto mwenye homa apimwe malaria, na kipimo kikionyesha hana, hiyo si tiketi ya antibiotiki. Mpeleke kituoni haraka, usiku au mchana, ikiwa hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri, au anapumua kwa shida na kifua kinabonyea. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa apelekwe moja kwa moja, hata kama anaonekana mzima. Ukifika, mwambie daktari dawa zote ulizokwisha kumpa, hata kama ni nusu ya chupa ya jirani, kwa sababu antibiotiki iliyotangulia huweza kuwazuia bakteria kuota kwenye kichupa, na maabara ikasema hakuna kitu wakati kipo.